Mama na Gari Lisilonguruma

Ukungu wa kwetu huamka kabla ya watu. Asubuhi nyingi, kule kwetu Upareni, mlimani juu ya mji mdogo wa Kisiwani, huuoni hata mgomba ulio hatua kumi kutoka mlangoni, na wageni hudhani dunia imeishia kwenye ngazi za baraza. Mama yangu hilo halimsumbui. Yeye huona kwa masikio. Hukaa kibarazani, ungo wa maharage mapajani, uso ameuinua kidogo, na chochote kinachopanda kutoka bondeni hukijua kabla hakijafika kona ya kanisa.

"Huyo ni Asheri wa tangawizi," atasema, "na leo kapakia kupita kiasi." Au: "Huyo mgeni. Anakanyaga klachi kama anaua siafu." Kwake hakuna "hilo gari" wala "hiyo pikipiki". Kila kinachopanda mlima ni "huyo". Vijana wa kijijini wakitaka kununua pikipiki iliyotumika huipitisha kwanza mbele ya baraza letu, juu mara moja, chini mara moja, kisha huzima na kusubiri hukumu. Nimewahi kuona mtu mzima akirudisha pikipiki kwa mwenyewe kwa sababu mama alisema ina kikohozi.

Jina lake Yudith. Ana miaka sabini na miwili, Mlutheri wa benchi la mbele, mkulima wa tangawizi na ndizi, na mbishi. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Mama yangu angeuza na zizi.

Mwaka huo ubishi wake ulinikondesha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, jeupe kama ndani ya nazi, na la kulia lilikuwa linafuata. Muuguzi wa zahanati alimpima, akanipigia simu dukani kwangu Same, ninakouza dawa. Mtoto wa jicho, alisema, na presha ya jicho imeanza kupanda. Madaktari bingwa wa macho wangepiga kambi Same wiki moja, wakishaondoka ni hadi mwaka unaofuata, na mwaka ni mrefu mno kwa jicho lile. Nilipanda mlima nikamweleza mama yote, nikitumia sauti ninayotumia kwa wateja wasiomaliza dozi.

"Mtoto wa jicho naye ni mtoto," alinijibu. "Simfukuzi."

Majirani waliokaa naye barazani walicheka. Mimi nilitamani kupiga teke ndoo.

Sababu ya kukataa kwenda niliijua, au nilidhani naijua. Baba yangu, Loth, alikuwa dereva wa lori, na alifia kwenye barabara hiyohiyo, kona ya tatu chini ya nyumba yetu, nikiwa kidato cha pili shule ya bweni. Tangu siku hiyo mama hakupanda gari. Miaka ishirini na sita alishuka sokoni Kisiwani kwa miguu, kwa njia ya mkato ya mawe, na sasa macho hayakumruhusu tena kupita humo. Nikajiambia kwamba anaogopa ngurumo. Mwanamke aliyezoea kusikiliza kila injini, akampoteza mume garini, ataogopa nini kingine? Basi dawa ni gari tulivu. Nilikuwa nimejipanga kununua gari kwa muda mrefu, na nilikuwa na ndoto ya gari dogo la kifahari, viti vya ngozi, milango inayofunga kwa sauti nzito ya kabati la zamani. Nikaunganisha ndoto yangu na jicho la mama, nikaona nina akili sana.

Dalali wangu alikuwa Hamdani, kijana wa mashamba ya mkonge, mpole, anayezungumza na magari akiyaosha. Aliniambia ukweli mapema. "Dada Irine, hizi gari ni za lami. Kule kwenu barabara ni za kupandia mbuzi." Lakini alikubali kuzileta moja moja, Jumamosi tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa siku ya mwisho ya kambi ya macho.

Ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani, ya petroli. Nakiri ilinilewesha. Ilishika barabara kwa vidole, na usukani ulielewa wazo kabla ya mkono. Kwenye sehemu zilizomwagwa zege, kona kali za juu, ilipanda huku ikiimba. Tatizo lilikuwa tumbo. Palipoisha zege ilikwaruza jiwe, Hamdani akafumba macho, na viti vigumu vile vilinikumbusha mabenchi ya kanisani. Mama alitusikia toka mbali.

"Huyo ana kifua," alisema tulipofika. "Lakini amejikwaruza pale kwa Melkizedeki, karibu na mfereji."

Ilikuwa palepale. Nikamwomba apande tuzunguke tu hadi kanisani. Akasema gari ni zuri na turudi nalo salama, kisha akaingia ndani kugeuza makande.

Ya pili ilikuwa ya Mjapani, ndefu, injini kubwa. Ukilinganisha na ya kwanza, hii ilikuwa godoro. Mashimo yaliyotutoa machozi Jumamosi iliyopita tuliyapita tukisinzia. Buti lake lilimeza mikungu miwili ya ndizi na gunia la tangawizi na bado likapiga miayo. Lakini mshale wa mafuta ulishuka huku nauangalia, na kwenye kona za juu mkia wake ulikuwa unatafuta njia yake mwenyewe. Mama aliketi ndani, mlango wazi, akipapasa ngozi ya kiti. Alisema pananukia viatu vipya. Hamdani alipowasha injini, mama alishuka taratibu, akakung'uta kanga na kutuaga.

"Mama, jicho hilo!" nilipaza sauti. "Unataka nikuletee ndege?"

"Sikio halipiti kichwa, Irine," alisema. "Nenda, mvua inakuja."

Nilishuka mlima nalia kwa hasira. Mawingu yalikuwa chini yetu, juu ya mbuga ya Mkomazi, meupe na yametulia, na nilifikiria jinsi mama atakavyokuwa hayaoni tena, hata kwa kivuli.

Ya tatu ndiyo ilikuwa haibridi. Ndogo kuliko zote, ya kifahari kweli lakini haijivuni, rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Hamdani alinieleza: ina injini ya petroli na ina betri, vinasaidiana kama majirani, na ikienda polepole hutumia betri peke yake. Buti ndilo lililoumia, kwa sababu betri imelala nyuma. Mkungu mmoja tu, tena mdogo. Haina mbio za Mjerumani wala upana wa ile ndefu. Ila ilipita kwenye mashimo kwa adabu, kitumbo chake kilikuwa juu kidogo, na mafuta iliyanusa tu. Kilichonishika zaidi kilikuwa ule utulivu. Tulipanda ndani ya ukungu, tukafika juu ambako barabara inalala kidogo, injini ikazima yenyewe, na kwa muda nilihisi hatuko barabarani tena. Migomba ilitokea na kufifia pembeni. Nilisikia majani yakidondosha maji. Nikawaza, hivi ndivyo mtu anavyobebwa usingizini.

Tukaingia uani na kuku hawakuhama. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo mama," Hamdani alisema dirishani.

Ungo ulianguka. Maharage yalitapakaa hadi kwenye matairi, na mama akasimama akipapasa hewa. "Umetokea wapi wewe?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa na furaha ya mshindi. "Umeona, mama? Haingurumi kabisa. Hutasikia kitu. Funga macho tu, utafumbua tuko Same kwa madaktari."

Mama alikung'uta maharage kwenye kanga. Akaniambia hiyo ndoto yangu ni nzuri. Halafu, sijui kama ni kwa uchovu wa kubishana au kwa kunihurumia, akajifunga kanga ya pili, akachukua Biblia yake asiyoweza tena kuisoma, akapanda kiti cha nyuma. Nilimfunga mkanda mwenyewe. Miaka ishirini na sita! Nilitaka kijiji kizima kitoke kuona.

Tulipita kanisa. Barabara ikainama. Hamdani akaondoa mguu kwenye mafuta, injini ikanyamaza, na gari likaanza kuteremka katika ukungu bila sauti yoyote ila kokoto chini ya matairi.

"Ameweka frii!" mama alipiga ukelele. "Irine, ameweka frii! Mwambie arudishe gia!" Alimshika Hamdani begani kwa mikono yote miwili, akamvuta na kiti chake. "Simamisha! Simamisha nishuke!"

Hamdani alisimamisha. Mama alijifungua mkanda, sijui alijuaje, akatoka, akapiga magoti barabarani akipapasa hadi akapata jiwe, akalisukuma chini ya gurudumu la mbele. Ndipo akaketi ukingoni, kwenye majani yenye maji, akihema.

Mwanzoni nilikasirika. Nilisimama mbele yake nikiwa na maneno tayari. Kisha nikaona mikono yake, bado imekunjwa kana kwamba imeshika lile jiwe, na nikaketi.

"Lori la baba yako lilikuwa linanguruma likishuka," alisema. "Gia ya pili, mpaka chini. Nilikuwa nalisikia hadi bondeni, ndipo nageuza chungu. Kisha mwenye lori akaanza kuwapimia dizeli. Ili kuokoa mafuta, madereva wakawa wanatoa gia mteremkoni, gari lijiendee lenyewe, breki zibebe mzigo wote. Siku ile alipita nyumbani akapiga honi. Injini ikanyamaza. Nikasema, Loth ameweka frii. Nilisema kwa sauti, peke yangu, jikoni." Akafuta jicho lile jeupe. "Sikusikia ajali, Irine. Nilisikia kimya."

Miaka ishirini na sita hakuna aliyeniambia. Au mimi, mwenye kujua kila kitu, sikuuliza. Nilikuwa nimehangaika Jumamosi tatu nikimtafutia mama yangu kimya cha bei kubwa, nikamletea mlangoni. Niliona aibu iliyonichoma masikio, nikashindwa hata kumshika mkono.

Hamdani ndiye aliyesogea. Alichuchumaa mbele yake. "Mama, sijaweka frii, naapa. Gari hii ukiachia mafuta, mota ya umeme ndiyo inaishikilia, na mteremko unachaji betri. Ila ni kweli, haisikiki. Na mtu haamini asichosikia." Akafikiri. "Kuna gia nyingine humu, herufi B, ya miteremko; humo injini ndiyo inaishikilia. Watu wengi hawaigusi. Naomba ukae hapohapo. Nitapita mbele yako mara mbili, wewe usikilize, uamue."

Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaipeleka barazani, kama vijana na pikipiki zao. Akaliondoa jiwe, akarudi nyuma hadi kanisani, taa zikamezwa na ukungu. Mara ya kwanza alishuka kimya. Mama alitikisa kichwa. Gari likarudi juu. Mara ya pili, kabla hatujaona kitu, ikatoka sauti ndani ya weupe ule, nzito, ya kujizuia, injini ndogo ikivuta pumzi na kuikaza. Ilikuja polepole, ikatupita, ikaendelea kushuka, na haikukatika.

Mama alikuwa ameinua uso.

"Huyo ameshika gia," alisema.

Akasimama mwenyewe. Alisema tufanye haraka, madaktari hawatamsubiri mtu wa kukaa kwenye majani.

Tulishuka kwenye B. Kadiri betri ilivyojaa, injini ilizidi kunguruma, kelele ambazo mwenye gari la kifahari angezirudisha kwa muuzaji. Mama alimwambia Hamdani amsomee kiasi cha betri, ahakikishe kweli mteremko unaichaji, naye akawa anasoma kwa sauti, kidogo kidogo, kila baada ya kona. Mama akawa anaitikia "ehe", "ehe", kila mara kwa mbali zaidi. Kona ya kwanza. Ya pili. Kabla ya ya tatu hakuitika. Nikageuka haraka. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye dirisha, mdomo wazi kidogo, Biblia imeteleza hadi magotini.

Kona hiyo, tangu baba afe, huipita nimeangalia upande wa mlima. Safari hii nilitazama korongo, kwa sababu mmoja wetu ilibidi atazame. Ukungu ulikuwa umefunguka pale. Kulikuwa na migomba hadi chini, na maji, na mama mmoja akikata majani ya ng'ombe, ambaye aliinua panga kutusalimu. Niliangalia hadi tukapita. Nililia, na sikujificha.

Chini kidogo barabara ikalegea. Hamdani akapeleka mkono kwenye gia, akaninong'oneza. "Dada, hapa siyo mkali tena. Nitoe B? Makelele haya yatamwamsha."

"Usiiguse," nilimwambia. "Ikinyamaza ndipo ataamka."