Maji ya Meno

Enzi zetu mtoto wa Meru hakuhitaji kitambulisho. Alicheka tu, na mtu wa Dodoma, wa Mwanza, hata wa Dar es Salaam akasema, "Aa, wewe wa Arusha." Meno yetu yalikuwa ya kahawia, na wala hatukuona aibu, maana baba alikuwa nayo, mama alikuwa nayo, na mwalimu mkuu alikuwa nayo na bado alitukagua kila asubuhi kama tumepiga mswaki. Tulisugua kwa mkaa, tukasugua kwa majivu, tukasugua kwa kijiti mpaka fizi zikatoa damu. Wapi! Maji ya mlima wetu ni ya baridi, yanang'aa, yanakata kiu hasa, ila yana kitu ndani yake kinachoingia kwenye jino la mtoto na hakitoki tena mpaka jino lenyewe ling'oke.

Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa na shamba la migomba na kahawa mteremkoni upande wa Tengeru, hakujua kitu hicho kinaitwaje. Alichojua ni kwamba maji ya mvua hayana. Kwenye kona ya nyumba, bati lilipomwagia, aliweka pipa lenye mfuniko wa mbao na jiwe zito juu yake, na maji ya pipa lile aliyaita maji ya meno. Yalikuwa ya watu wawili tu hapa duniani: mtoto mdogo ambaye meno yake hayajakomaa, na mgeni wa heshima anayepikiwa chai. Sisi wengine tulikunywa mfereji. Mdogo wangu Elibariki alizaliwa wakati mvua zinamwagika kama zimegombana na mtu, pipa likajaa miaka yote ya udogo wake, na leo ni mzee wa watu mwenye meno meupe kama ya kwenye tangazo. Mimi nilizaliwa kiangazi. Basi.

Lakini mfereji wenyewe tuliupenda, we acha tu. Ulipita katikati ya migomba, magimbi yakiwa yamejipanga kandokando, na likizo tulishinda humo mpaka vidole vikakunjamana. Ndani yake kulikuwa na wadudu fulani wembamba, wanapitisha mwanga, wana ndevu ndefu, na ukitaka kumshika mmoja anaruka kinyumenyume kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Tuliwaita wadudu wa mfereji. Tuliwatega kwa kanga ya bibi, yeye akiwa hajui kanga yake iko wapi, na tukawatia kwenye chupa za achari alizotupa Baba Jasbiri, Singasinga mwenye duka pale barabarani. Chupa zile zilinuka ndimu na pilipili hata uzioshe vipi. Mchanga kidogo chini, jiwe moja lenye yale majani mororo ya kijani yanayoota penye unyevu, maji ya mfereji juu, kwisha kazi. Tulizipanga dirishani tukalala kifudifudi kuwatazama wakila, mikono yao midogo ikienda mdomoni bila kupumzika, na kila mtu akadai wa kwake ndiye mwenye akili zaidi.

Bibi alipita na ufagio wake akatutazama, akasema neno lake lile lile kila likizo: "Mkichoka kuwatazama, warudisheni kwao. Na wao wana mama." Tulipochoka, tuliwarudisha.

Sasa njoo nyumbani kwangu Lemara, hapa Arusha mjini, uone maendeleo.

Neema ni binti yangu, na ni mtoto wangu wa pekee. Amesoma, amepata kazi kwenye ofisi ya utalii mjini, na siku moja akarudi nyumbani na tangi la kioo lenye ukubwa wa sanduku la safari. Akaliweka juu ya kabati la sebuleni, mahali palipokuwa na picha yetu ya harusi. Picha ikahamia ukumbini, karibu na mlango wa choo. Nikauliza, "Hili la nini?" Akasema, "La kamba, Baba. Wale wadogo wa maji baridi." Nikamwambia hao si ndio wadudu wa mfereji, nawafahamu, tulisoma nao. Akatabasamu kama mnavyotabasamu mkiona mzee anasimulia mambo yake.

Kwanza akaleta udongo. Udongo wa kununua, jamani! Mimi mjukuu wa mkulima wa kahawa, naishi juu ya udongo ambao ukisahau fimbo ya kuegemea inachipua, na binti yangu ananunua udongo kwenye mfuko. Akachukua mawe, akayachemsha kwenye sufuria ya pilau ya mama yake. Akaleta mzizi mkavu, akauloweka kwenye beseni langu la kuogea mpaka maji yakawa kama ya kahawa. Akafunga majani kwenye mawe kwa uzi, taratibu, kama nesi anafunga kidonda. Akaweka taa inayowaka na kuzimika yenyewe kwa saa zake, kisha akakaa kulitazama tangi lisilo na kiumbe kwa zaidi ya mwezi. Wageni wakaja wakauliza, "Samaki wako wapi?" Naye akajibu kwa uzito wote, "Bado. Tangi linakomaa." Kila jioni alipima maji kwa matone ya dawa na kutazama rangi. Mimi nilikwenda hospitali na presha yangu nikapimwa haraka kuliko hivyo.

Kamba walipokuja, wekundu, hata hawakujaza kiganja, nyumba ikapata sheria mpya. Dawa ya mbu isipulizwe sebuleni, inaua kamba. "Na mbu wanamuua nani?" nikauliza. Akaninunulia chandarua. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, ile ya Arusha inayokufanya uchukie kunawa uso, nikaitafuta shuka yangu ya Kimasai nyumba nzima. Nikaikuta imevikwa tangi. Umeme ukikatika, betri yangu ya akiba ilisukuma hewa ya kamba, na redio yangu ikanyamaza katikati ya taarifa ya habari.

Ila kilichonikaa moyoni ni habari ya maji. "Ya bomba hayafai, Baba. Ni makali, yatawadhuru."

"Mimi nimeyanywa maisha yangu yote."

"Ndiyo maana," akasema, akinitazama meno. Tukacheka wote wawili, yeye akiwa amefunika mdomo kwa kiganja kama kawaida yake. Neema anayo michirizi ya kahawia kwenye meno ya mbele. Alipozaliwa tulikuwa tumeshahamia mjini, tukaona bomba la uani ni maendeleo makubwa, na pipa likabaki kule kwa bibi na mambo ya kizamani. Tangu alipoanza kujitazama kwenye kioo hajawahi kupiga picha akicheka. Na sasa mtoto huyohuyo alinunua pipa, akafunga mfereji wa bati kwenye paa, akakinga mvua, akafunika na kuweka jiwe juu. Kwa ajili ya kamba! Nikasimama uani nikalitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Bibi angecheka mpaka akae chini.

Baada ya hapo akaja Yohana. Kijana wa Pangani, walikutana kazini, ana adabu, anaamkia watu vizuri, anakula kila anachopewa. Hakuwa na kasoro hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi. Neema akatuambia wanataka kuoana na kwamba wataishi hukohuko Pangani, Yohana amepata kazi nyumbani kwao. Mama yake akapiga vigelegele. Mimi nikauliza, "Na kamba wako atakaa nao nani?" Nilikuwa na maswali mengi kifuani, lakini hilo ndilo pekee lililokubali kutoka.

Siku ya wajumbe wa posa, jiko alikabidhiwa shemeji yangu Ruthi, mdogo wake mke wangu, aliyeteremka asubuhi kutoka mteremkoni. Ruthi amelelewa kama mimi. Akaingia uani, akaona pipa lina mfuniko, mfuniko una jiwe, akajua bila kuuliza: haya ndiyo maji ya wageni. Akachota, akabandika birika. Wageni walikuwa wameshakaa, wakiongozwa na Mzee Mhina, baba mkubwa wa Yohana, mtu mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya, mara Neema akaniita ukumbini, uso umempauka.

"Baba, Mama mdogo amepika chai kwa maji ya kamba! Nilishayatia yale madini yao!"

"Yatawaua?"

"Hayaui, ni ya kuwajengea gamba tu. Lakini yana ladha, Baba. Watatuonaje?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilirudi sebuleni nikakaa nimenyooka, nikawakaribisha kwa mikono miwili, "Karibuni chai, karibuni sana," huku nikiwaza: watu wa pwani kwa kuchagua vyakula, wataonja, watakunja uso, watanong'onezana, watasema ukoo huu haujui hata kupika chai, na mwanangu atabaki nyumbani. Mzee Mhina akanyanyua kikombe. Akanywa. Akafumba macho. Nikashika magoti yangu.

"Loh!" akasema. "Mkwe, chai hii imenirudisha nyumbani. Visima vyetu Pangani vina uchumviuchumvi huuhuu. Huku bara kila ninapokwenda chai inapwaya, lakini hapa! Niongezeeni." Wajumbe wote wakaongezewa. Ruthi akatokea mlangoni kupokea sifa zake.

Halafu mzee akageuka akaliona tangi. Akasogeza uso karibu na kioo. "Kumbe na uduvi mnafuga! Kwetu hawa tunawapika kwa nazi, kijiko kimoja unasahau jina lako."

Neema alikuwa ameshika sinia la vitumbua, na mimi nikaona, haya, nafasi ya pili hii hapa, sasa binti atawaka. Mzee wa watu amewatamani watoto wake mbele yake! Neema akamtazama Mzee Mhina, akawatazama kamba, kisha akacheka. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, mikono yote miwili ikiwa kwenye sinia, meno yote nje, ya kahawia yakiwa pamoja na meupe, na hakuwa na kiganja cha kufunikia wala hakukitafuta. Nikamtazama Yohana. Alikuwa anamtazama vile mtu anavyotazama kitu alichokiombea. Hapo nikajua nimeshindwa. Nikanywa chai yangu, na kweli ilikuwa na uchumviuchumvi.

Neema akaagwa, tukalia, tukacheza, akaondoka. Tangi halisafiri, akasema, litavunjika njiani. Akaniachia maelekezo kwa mdomo, mara tatu, nikajifanya sisikilizi.

Leo ukija kwangu utaniona mimi ndiye ninayepima maji kwa matone. Dawa ya mbu haipulizwi. Mwezi wa saba tangi huvaa shuka yangu, na mke wangu huniuliza, "Baba Neema, mimi umewahi kunifunika hivyo?" Mgeni akiuliza kwa nini sizimi taa ya tangi, namwambia bado haijafika saa yake, na namwona anavyotabasamu. Enzi zetu tuliwatia wadudu kwenye chupa ya achari tukakimbilia kucheza, kwa sababu nyumba ya bibi ilikuwa imejaa watu na kulikuwa na mengi ya kutazama. Wajukuu walilala mzungu wa nne kwenye mkeka mmoja, na pipa halikuwahi kukosa mtoto wa kulinywa. Sasa nyumba ni ya wazee wawili na kamba. Kamba ndio walioongezeka.

Juzi Neema alipiga simu. Atakuja kujifungulia kwetu, mama yake ameshakubaliana na wakwe. Vuli imeanza, na mimi nimenunua pipa la pili. Nimelisugua, nimeliweka kwenye kona, bati linapomwagia, nimetafuta mfuniko wa mbao na jiwe zito. Madini sijatia.

Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama ninavyohangaika na mvua kichwani. "Baba Neema, pipa la pili la nini?"

"La kamba. Wameongezeka."

"Mtoto mchanga ananyonya, hanywi maji," akasema taratibu. "Na mpaka aote meno atakuwa ameshapelekwa Pangani. Maji ya huko hayana shida na meno ya mtu."

Nikamwambia najua. Nikaliweka jiwe juu ya mfuniko, nikalisogeza likae sawa. Sikumwambia kwamba meno ya mtoto hayachelewi kiasi hicho, na kwamba maji yakiwepo ya kutosha sioni kwa nini watu waharakishe safari.