Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Mume wangu alivunjwa vidole kwa sababu kompyuta ilikataa kuwaka. Nikiwaambia wanangu hivyo, hudhani natia chumvi. Laptop zao zikikataa kuwaka, wao huzipeleka kwa fundi mjini na kwenda zao kunywa chai. Sitii chumvi. Nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu mtaani Kapsoya, katika ile miaka ya chama kimoja ambapo asiye na kadi ya chama hakuwa mtu. Vijana wa chama walikusimamisha sokoni, stendi, popote walipopenda, na ukikosa kadi, shauri yako. Wiki hiyo makaratasi ya kuitukana serikali yalikuwa yameokotwa sokoni, na kila mwenye taipureta alitembea akiangalia chini. Sisi tulikuwa na kitu kibaya kuliko taipureta.

Mume wangu alikuwa karani wa Msomali mmoja mwenye malori. Tajiri huyo aliletewa kompyuta kutoka Arabuni, ndogo ya kukunjwa, lakini nzito kama jiwe la kusagia. Mwisho wa wiki mume wangu aliileta nyumbani nimsaidie kuandika mizigo, kwani mimi nilisomea uhazili na mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko yake. Mashine hiyo haikujua lolote mpaka uilishe. Ilibidi usukume disketi, kipande bapa cha plastiki cha kutosha kiganjani, kwenye kitundu chembamba ubavuni, iingie yote na kulia tik, ndipo iamke.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyanza. Hakumaliza siku mbili kabla ya kuifumia kompyuta kitambaa cheupe, kama alivyozifumia redio, viti na hata mtungi wa maji. Kwake, nyumba yenye vitu visivyofunikwa ni nyumba ya mke mvivu. Nilijua kijembe kile kilikuwa cha nani. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa kanisani, maana alikuwa Msabato.

Hodi hawakupiga. Waliingia watatu na marungu yao, na kiongozi wao nilimjua vizuri. Alikuwa kijana wa bucha, aliyetukatia nyama kila Jumapili na kuniongezea mfupa.

"Kadi, karani."

Mume wangu akaingiza mkono katika koti lililoning'inia msumarini. Hakuna. Akatafuta katika suruali, chini ya godoro, ndani ya Biblia. Hakuna. Niliwaapia kwamba jana tu alikuwa nayo. Rungu la kwanza lilimpata mgongoni akiwa bado amepiga magoti kando ya kitanda.

Mmoja wao akainua kitambaa. "Ala! Kumbe hii ndio inachapa zile makaratasi!"

"Washa," akasema kijana wa bucha.

Mume wangu akasukuma disketi. Mashine ikakoroma, ikakwaruza, kisha kioo kikaandika kwamba inataka disketi. Akajaribu tena. Ikakoroma, ikaandika yale yale.

"Ameifunga huyu. Anatucheza."

"Sijaifunga, ndugu yangu. Imekataa."

"Imekataa ama ni wewe umekataa?"

Wawili wakaubana mkono wake wa kulia mezani. Wa tatu akapiga. Sauti ya mfupa ukivunjika nilikuwa nimeisikia mara nyingi pale buchani, nikingoja nyama yangu. Nyumbani ilikuwa ile ile.

Nilimrukia yule kijana wa bucha nikamng'ata mkono, nikauma kwa nguvu zangu zote mpaka mdomo ukajaa chumvi. Kofi lake lilinitupa ukutani. Damu niliyotema sikujua ni yake au yangu, na hata leo natumaini ilikuwa yake.

"Mama, wewe unajua hii kitu?" akaniuliza akijishika mkono.

"Najua."

"Basi washa. Ikikataa, tunakuja kwa hii mkono ingine."

Nikapiga magoti mbele ya mashine. Sitawadanganya kwamba niliomba Mungu. Nilikuwa na hasira tu. Ningalikuwa na panga mkononi badala ya disketi, leo ningalikuwa ninayaandika haya gerezani. Nikasukuma disketi. Haikulia tik. Ukingo wake ulibaki nje, upana wa ukucha. Basi mle ndani mlikuwa na kitu.

"Kuna kitu kimekwama!"

"Fanya haraka," akasema, na nyuma yangu nikasikia mume wangu akipigwa tena, ili niharakishe.

Juu ya kiti palikuwa na uzi wa Mama na sindano yake ya kufumia, ile yenye ncha ya ndoano. Nikaipenyeza kwenye kitundu, nikapapasa, nikavuta. Kitu kikatoka polepole, kimekunjamana. Ilikuwa kadi ya chama, yenye jina la mume wangu.

Nilifurahi. Mjinga mimi, nilifurahi! "Hii hapa! Kadi yake hii hapa!"

Kijana wa bucha akainyoosha juu ya paja. Ndoano ilikuwa imeitoboa katikati.

"Umeficha chama ndani ya mashine? Halafu mmetoboa?"

Waliompiga kwa kukosa kadi sasa wakampiga kwa kuwa nayo. Wakaukanyaga ule mkono uliovunjika. Wakampiga mateke ya mbavu mpaka akaacha kujikinga. Nikasukuma disketi, ikalia tik, mashine ikaamka.

"Imewaka!" nikapiga kelele. "Njooni msome!"

Kijana wa bucha akainama, jasho lake likidondoka juu ya vitufe, akasoma kwa kidole kama mtoto wa shule. Magunia ya mahindi kutoka mashamba ya Ziwa. Mbolea. Matairi.

"Ni mahindi tu," akawaambia wenzake, amekasirika kana kwamba tumemdhulumu. Akapangusa rungu lake kwa kitambaa cha Mama, wakatoka.

Mama alirudi kutoka kanisani akanikuta nikifunga vidole vya mwanawe kwenye mwiko. Alilia, akajipiga kifua. Alipotulia akauliza walikuwa wakitaka nini.

"Kadi," nikamjibu.

Uso wake ukabadilika, akamgeukia mwanawe. "Lakini hawakubeba, sivyo? Mimi ndiye niliificha, mwanangu. Wewe unapoteza kila kitu, na ile ya kwanza nilifua ndani ya suruali. Nikaona hapo kwa mashine kuna nafasi, saizi yake kabisa. Nikafunika na kitambaa. Hapo hata mwizi hawezi jua."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumwangusha yule mama asiinuke tena. Mume wangu akanitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.

"Asante, Mama," akasema. "Umeiweka mahali pazuri. Ndiyo imeniokoa."

Mama aliamini hivyo mpaka kufa, na kanisa lake lote lilisikia ushuhuda huo. Jioni ile alimlisha mwanawe ugali kwa mkono wake mwenyewe, tonge kwa tonge, kwa sababu alimlea asile kwa mkono wa kushoto. Kisha akakiloweka kitambaa katika maji baridi na chumvi, akakisugua, akakianika, na kesho yake akakipiga pasi na kukirudisha juu ya kompyuta. Doa halikutoka lote. Akaligeuzia upande wa ndani.