Kilio cha Bibi Kimewekwa Kwenye Gemu, Mchumba Wangu Anataka Nimwandike Mtunzi

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni dada wa miaka 29, nauza kava na chaja za simu Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nyumbani ni Ilala, naishi na bibi mzaa mama. Kwa asili sisi ni watu wa kusini. Nina mchumba ambaye ameshajitambulisha kwetu na wajomba wamemkubali. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu niliyempenda.

Mimi na wenzangu watatu tunaendesha tovuti ya muziki wa magemu yanayotengenezwa huku kwetu. Mtu akicheza gemu akapenda wimbo, anakuja kwetu kujua nani katunga, nani kaimba, na anasikiliza kipande. Hatulipwi, tunapenda tu. Kazi yangu mimi ni kuamua kipi kinaingia na kipi hakiingii. Zamani tuligombana sana kama makofi, vigelegele na mvua navyo ni muziki, mpaka nikaweka sheria moja: sauti yoyote ambayo mtunzi ameikata na kuipanga ndani ya gemu, inaingia. Kwa sheria hiyo nimewakatalia na kuwakubalia wengi, na sijawahi kumpendelea mtu.

Mchumba wangu anatunga muziki. Juzi alinitumia kazi yake mpya, ni gemu la kutisha la kwenye simu, unazunguka kwenye nyumba iliyohamwa. Akaniambia, "Bebi, niwekee haraka basi. Kuna watu wanataka kunipa kazi, wataniangalia hukohuko kwenye tovuti yenu." Nikavaa spika za masikioni palepale dukani, mteja mbele yangu anachagua kava.

Mwanzo ni upepo na ngoma ya mbali. Mchezaji akifa, anasikika mwanamke analia. Analia kwa maneno, kwa lugha ya kwetu, anamwita marehemu kwa jina. Jina ni la mama yangu. Sauti ni ya bibi.

Kwa wasiojua, kwetu bibi zetu hawalii hivihivi tu. Mama mtu akifiwa na mwanawe anakaa naye chumbani kabla hajazikwa, anaongea naye huku analia, anamwambia ya moyoni kwa mara ya mwisho. Siku ya msiba wa mama, bibi alimwomba msamaha kwa jambo la ndani ya familia ambalo hata hapa sitaliandika. Tuliokuwa mle chumbani tulisikia, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja. Sasa lipo kwenye gemu, limewekewa mwangwi, na chini yake kinanda. Kwenye maoni ya wachezaji watu wanacheka, wanasema huyo bibi mchawi katisha kweli, wengine wanakufa makusudi ili wamsikie tena.

Kilichonitia kinyaa zaidi ni nilichokikumbuka baadaye. Msibani mchumba wangu hakutoka pale nje ya dirisha la chumba. Aliwaomba waliokuwa wanaosha masufuria wasogee mbali, akasema tuwape akina mama utulivu. Wajomba wakamsifu, na mimi nikajiona nimepata mume. Kumbe alikuwa anaondoa makelele kwenye rekodi yake.

Nilimpigia. Hata hakubabaika.

"Sasa nimemtaja jina gani la ukoo? Nani anaijua hiyo lugha?"

"Mimi naijua," nikamwambia. "Na wewe ulijua ni bibi."

"Kilio kile kilikuwa kizuri mno kupotea. Watu wanalipia waigizaji na hawapati kitu kama kile. Mbona vigelegele vya harusi mmeweka? Sheria si yako mwenyewe?"

Kisha akanikumbusha kwamba nafasi ya mwimbaji niiache wazi, na kwenye mtunzi niandike jina lake. Nilikata simu.

Nikawaeleza wenzangu. Mmoja, kijana mstaarabu sana, akaniambia, "Dada, pole. Ila ukiikataa hii, kesho utamjibu nini uliyemkatalia jana? Na gemu lenyewe linaendelea kuchezwa. Sisi tusipoandika kwamba ile sauti ni ya bibi, hakuna atakayejua alidhulumiwa." Ana haki. Lakini nikiandika ukweli, nitakuwa nimeliweka jina la bibi wazi kwenye ukurasa wa burudani, na msamaha wake chini yake, tayari kwa yeyote kubonyeza.

Nikaona nimuulize bibi mwenyewe. Nilimkuta anachambua mchele, nikamwambia kuna mtu alirekodi kilio chake cha msibani akakiweka kwenye mchezo wa simu. Sikumwambia ni nani. Akauweka ungo chini.

"Na maneno yanasikika?"

"Yanasikika, bibi."

"Yale nilikuwa namwambia mama yako," akasema. "Sikuwa namwambia mtu mwingine."

Akajifuta uso na ncha ya kanga, akarudi kwenye mchele wake. Kisha akasema, "Mwite mchumba wako, mjukuu wangu. Yeye anajua mambo ya simu. Mwambie bibi anaomba akakitoe kile kilio."

Tangu hapo kila nikirudi kutoka kazini ananiuliza kama nimemwambia, na mimi namwambia bado. Ndugu zangu, kwa huyu mwanaume nimeshamaliza, hilo sihitaji kushauriwa. Nisaidieni hili moja: bibi yangu nimwambieje?