Siti Tuliyoweka Mikoba

Asiyetaka kuamini aache, lakini asinicheke. Hasira niliyonayo inanitosha. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mjini Mpanda, na sikuwa nimeonja hata soda.

Sisi ni watu wa Kibaoni. Kila mwaka tukishauza mpunga, mimi, Devota, Skola na Yustina tunakodi gari Jumamosi kwenda Mpanda. Tunanunua kitenge cha aina moja, fundi anatushonea sare siku hiyohiyo, jioni tunaivaa ukumbini kwenye mziki. Jumapili misa, halafu nyumbani. Ndiyo starehe yetu.

Mwaka jana Yustina alikuwa na mimba kubwa. Alikuja asubuhi mpaka mlangoni mwa gari, ameshika tumbo, jasho linamtoka. "Jamani, nipitisheni hospitali. Nisogezeeni nafasi kidogo tu."

Devota akamjibu kutoka siti ya mbele, "We Yustina, acha kudeka! Mimba ya kwanza duniani hiyo? Utatuharibia wikiendi bure."

Na mimi? Mimi niliinamia simu. Siti ya pembeni yangu ilikuwa na mikoba yetu tu. Mikoba, jamani! Tukamwacha amesimama barabarani. Jioni tukiwa tunacheza, simu ikaita. Amefariki, yeye na mtoto.

Ngoja, bado hujasikia uchafu wetu wote. Msibani tulisema asubuhi ile hatukumwona kabisa. Mama yake akamgeukia mkwewe, eti alikuwa shambani badala ya kumpeleka mkewe hospitali. Akamfukuza mbele ya watu. Yule kijana alihama kijiji akilia, na sisi watatu tumekaa palepale mkekani, midomo tumefunga.

Mwaka huu Devota akasema twende, maisha lazima yaendelee. Nikaenda. Usiniulize kwa nini.

Tukachagua kitenge cha bluu. Muuzaji akasema vimebaki vitatu tu dukani, tukavichukua vyote. Fundi wetu, mzee mmoja mcheshi, akatupima, tukaenda kununua viatu. Tuliporudi saa kumi, magauni yalikuwa manne.

"Mzee, mbona manne?" Skola akauliza.

"Kwani nyie si wanne? Mwenzenu mwenye tumbo alikuja mlipotoka tu, na kitenge chake mkononi. La kwake nimelipanua mbele. Yupo huko nyuma ya pazia, anajaribisha."

Skola alikimbia, na viatu vipya akaviacha hapohapo. Devota akacheka, eti mzee amechanganya wateja. Mimi nikafunua pazia.

Alikuwa ameketi kwenye stuli. Yustina, naapa! Miguu imevimba, ina vumbi, gauni la bluu limembana tumboni na limelowa kuanzia kiunoni. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetembea kutoka Kibaoni kwa miguu.

"Yustina, nisamehe," nikasema.

Akaniuliza, "Siti ilikuwa wazi?"

Mwaka mzima sikuwa nimelitamka neno hilo hata kanisani. Nikasema, "Ilikuwa wazi."

Devota akavuta pazia. Stuli ilikuwa tupu, gauni liko kwenye msumari, linachuruzika maji. "Na wewe umeanza kudeka?" akaniambia. Basi nilimzaba kibao mpaka fundi akasimamisha cherehani. Sijutii. Ninachojutia ni kwamba kibao kile kilichelewa mwaka mzima, na kilipaswa kuanzia kwenye shavu langu.

Mzikini sikwenda. Jumapili nilishukia moja kwa moja kwa mama Yustina na gauni lile mkononi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Tulimwona. Alituomba tumpeleke, tukamkatalia."

Hilo tu ndilo nililosema. Siti sikuitaja, nakuapia. Yule mama akalichukua gauni, akalinusa. Kisha akaniuliza, "Siti ilikuwa wazi?"

Nikamjibu. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliingia ndani, akajifunga kitenge kingine, akatoka kwenda kumtafuta mkwewe. Mpaka leo hanisalimii, na ni haki yake. Devota naye anapita akisema nimerukwa na akili. Aseme.

Nyie mnaotoka Jumamosi na mziki umefunguliwa kwenye gari, akisimama mtu mlangoni ameshika tumbo, toeni mikoba yenu. Msimwambie anadeka, pumbavu nyie, kama tulivyokuwa wapumbavu sisi.

Mimi tangu siku ile, kila nikipanda gari, siti ya pembeni yangu haikaliwi. Abiria wanabanana mpaka mlangoni, anakuja mmoja, anaigusa kwa mkono, anarudi kusimama. Nikiwauliza kwa nini, wote wananijibu kitu kimoja. Wanasema imelowa.