Jembe Siku ya Msiba

Nilisikia kishindo kabla sijaona chochote, mwanangu. Tulikuwa tukipalilia maharage kwenye mteremko ulio juu ya soko la Bwera, mimi na wanawake wenzangu, nchi ikiwa bado ya Mwingereza. Mmoja wetu akasema, "Shafiki ameua tairi ingine!" Tukacheka sote, maana Shafiki alikuwa utingo wa lori la chumvi, na matairi ya lori lile yalijulikana kwa kupasuka. Kisha moshi ukapanda. Hakuna aliyecheka tena.

Lilikuwa bomu, limefichwa katika mzigo. Redio ya dukani ikasema mengine yamelipuka siku hiyo hiyo katika miji mingine. Nani aliyatega, na kwa kisa gani, mpaka leo kila mtu ana lake. Kwetu walikufa wanne: watatu wenyeji, mmoja wao binamu yangu Masika aliyekuwa akiuza ndizi, na wa nne Shafiki mwenyewe. Alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali, amepanga chumba uani kwetu pamoja na mkewe, Zaituni.

Watatu wetu tuliwazika jioni ile. Maiti ya Shafiki polisi waliizuia mpaka kesho yake. Nawe unaijua desturi yetu: maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayelima. Lakini asubuhi nilichukua jembe. Nilikuwa na hasira, na hasira ni hasara. Moyoni nilisema: mzigo ulikuja na lori lake, huyu si maiti wetu. Nikapita mbele ya mlango wa Zaituni makusudi, nikijua atanielewa. Alinitazama, kisha akalitazama jembe. Majirani waliponiona shambani, nao wakatoka na majembe yao.

Shangazi Biira alinifuata mlimani akihema.

"We Kabugho, jembe inaenda wapi?"

"Shangazi, yule ndiye alileta bomu."

"Uliona?"

"Watu wanasema."

"Watu!" Akatema mate pembeni. "Hata kama ni yeye, iko mutu. Mutu amekufa, jembe inalala. Ama kesi yake umeshakata, hakimu wa maharage?"

Siku nyingine ningecheka. Tuliposhuka, tuliwakuta wafanyabiashara wachache Waislamu wamebeba jeneza peke yao, wakipokezana wale wale, na wanaume wetu wako mashambani. Shangazi akasimama njiani akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Wakaja, wameinamisha vichwa. Shafiki akazikwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya tatu mke wa tajiri wa lori alikuja kutoka Kasese kumchukua Zaituni. Mjane wa Kiislamu hukaa eda nyumbani kwa marehemu mumewe, miezi minne na siku kumi, bila kuhama. Mimi Mkristo, lakini hilo nililijua. Nikapiga magoti mbele ya Zaituni, mlangoni pake.

"Dada, nisamehe. Kaa eda yako hapa."

"Nimekusamehe," alisema, akifunga nguo zake kwenye kanga. "Lakini eda inataka nyumba, Kabugho. Hapa nilikuwa na chumba tu."

Mwanangu, ubaya ukiipiga nchi, moyo wako utatafuta uso wa kuuchukia, nao utauona karibu, kwa kuwa aliyetenda yuko mbali. Usimhukumu maiti. Nenda kwanza msibani. Maswali yangoje kaburi lifukiwe. Na umkumbuke mjane, maana yeye ndiye anayebaki kusikia majembe yenu. Mungu akupe mkono mzito wa kuinua jembe siku ya hasira na mguu mwepesi siku ya kilio, na popote utakapokuwa mgeni, akupe jirani kama Biira.

Mimi sikuwa jirani huyo. Zaituni alijitwika furushi, akanipita pale pale nilipopiga magoti. Mlango aliufunga mwenyewe nyuma yake, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu ndani.