Gari Lilipinduka Kwenye Karatasi

Bi Salama Kibwana alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na tisa, na aliyemfundisha ni Kheri, mtoto wa marehemu dada yake. Watu wa Dimani, kijiji chao, walicheka waziwazi. Mkunga wa zahanati kwa miaka thelathini, ambaye nusu ya vijana wa kata ile aliwapokea kwa mikono yake, sasa alikuwa akizunguka uwanja wa mpira kwa mwendo wa kobe, shingo imemkakamaa, huku Kheri amekaa pembeni yake akimwambia, "Kanyaga taratibu, mama mdogo, hiyo si cherehani."

Alipostaafu, kiinua mgongo chake alikigawa mafungu mawili. Fungu moja liliezeka nyumba, la pili likanunua Toyota Noah ya rangi ya fedha. Siku za kawaida gari lilipeleka nazi na mihogo sokoni Kibiti. Lakini kila mtu alijua kwamba mwanamke akishikwa na uchungu, nazi zinashushwa kando ya njia, gari linageuzwa. Nauli hakuuliza. Mwenye kitu alitoa, asiye nacho alishukuru.

Kheri alikuwa na miaka minne mama yake alipofariki. Bi Salama alizalisha wanawake wa kijiji kizima, lakini yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto, basi akamchukua Kheri, akamlea, akamsomesha mpaka chuo. Sasa Kheri alikuwa mtu mzima mwenye mke, wakala wa bima pale Kibiti, ofisi yake chumba kimoja karibu na stendi. Ndiye aliyemshauri akate bima kubwa.

"Bima ndogo ni ya kumridhisha trafiki tu," alimwambia. "Hii kubwa inakulinda wewe."

Bi Salama akakata. Fomu alijaza Kheri, yeye akaweka saini pale alipoonyeshwa.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo. Asubuhi moja akirudi kutoka Kibiti, ng'ombe wa wafugaji alichomoka kwenye mikorosho akasimama katikati ya barabara. Bi Salama alifunga breki, gari likaserereka kwenye changarawe, likampiga ng'ombe ubavuni. Mfuko wa hewa ulifumuka kutoka kwenye usukani kwa kishindo, ukamjaza vumbi jeupe mtandio mzima. Ng'ombe aliinuka akaondoka akichechemea. Bi Salama alishuka, akajikagua kama ambavyo angemkagua mzazi: shingo, mbavu, mapigo ya moyo. Mzima. Kisha akalikagua gari. Boneti limekunjika, taa ya kushoto imevunjika, rejeta inavuja. Akaongeza maji yake ya kunywa kwenye rejeta, akawasha, likawaka. Alilirudisha nyumbani polepole, akisimama kila mara kuongeza maji.

Kheri alifika kabla ya adhuhuri, juu ya pikipiki, macho mekundu. Alimkumbatia hata Bi Salama akashindwa kupumua.

"Gari si kitu, mama mdogo. Ungekufa, mimi ningebaki na nani?"

Maneno hayo Bi Salama aliyakumbuka sana baadaye.

Siku ileile Kheri alimpa karatasi tatu za madai aweke saini. Zilikuwa tupu. "Nitazijaza ofisini, wewe pumzika," alisema. Akasaini, akapumzika. Kesho yake gari likavutwa mpaka yadi moja ya Kibiti ambako kampuni ya bima hukagulia magari.

Wiki tatu zikapita. Mke wa jirani mmoja alipelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama yake, akajifungulia njiani. Walipona wote, mama na mtoto, lakini Bi Salama hakula siku hiyo. Ndipo Kheri akaja na barua: gari limefutwa.

"Limefutwa maana yake nini?"

"Gharama ya kulitengeneza imezidi thamani yake. Kampuni inakulipa, yenyewe inachukua mabaki. Unasaini hapa tu."

"Kheri, taa na boneti?"

"Ni ile mifuko ya hewa, na kompyuta. Magari ya siku hizi yakiguswa kidogo yamekwisha. Na hata ukilitengeneza halitakuwa gari tena. Utapakia wajawazito kwenye gari bovu, likulipukie njiani?"

Alijua pa kushika. Bi Salama akaona picha ya mwanamke amelala kiti cha nyuma na moshi unatoka mbele. Hata hivyo mkono wake haukwenda kwenye kalamu.

"Niachie barua nitafakari."

"Mwisho Ijumaa," Kheri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka ambayo Bi Salama hakuielewa.

Siku mbili alizunguka na barua ile. Fedha ambazo angelipwa zingempatia gari, lakini kuukuu kuliko lile, lenye mwenyewe asiyemjua na matatizo asiyoyajua. Noah yake aliijua kila mlio. Je, alitengeneze gari ambalo wenye ujuzi wamesema limekufa? Au alikuwa mzee mbishi tu anayekataa kuachana na kitu? Siku ya tatu akapanda bodaboda akaenda kwa Haruni, fundi aliyeihudumia Noah ile tangu siku ya kwanza.

Haruni alishangaa. "Limefutwa? Mbona mimi sikuitwa hata kulitazama? Siwezi kusema kitu, Bi Salama, mpaka nilione."

Wakaenda yadi pamoja. Mlinzi, Mudy, aliwafungulia lango bila maswali, maana watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwa Bi Salama. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, na mbali na vumbi lilikuwa vilevile alivyoliacha. Haruni alitandika kipande cha boksi akaingia chini. Alikaa huko kitambo, akigonga hapa na pale. Alipotoka alimwomba Mudy faili la ukaguzi, akalisoma amesimama, midomo ikicheza.

"Wameandika chesisi imepinda. Haijapinda. Gia boksi imepasuka. Haina hata ufa. Paa limebonyea." Alinyoosha mkono akalipiga paa kwa kiganja. "Bi Salama, nionyeshe, limebonyea wapi?"

Kisha akageuza ukurasa, akampa Bi Salama asome mwenyewe. Yalikuwa maelezo ya mwenye gari. Yalisema: nilikwepa ng'ombe, gari likanishinda, likapinduka mara mbili na kutumbukia mtaroni. Chini yake saini yake, ile anayoijua, yenye mkia mrefu kwenye S.

"Lakini si limeshapata mtu ndani ya familia?" Mudy aliuliza, akidhani anasaidia. "Kheri alikuja juzi na mkewe Shamsia. Amesema anayanunua mabaki kwa jina la mkewe. Wakapima na vitambaa vya viti. Sisi tukajua mmekubaliana."

Bi Salama alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Haruni alimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Hakuwaza gari. Aliwaza juu ya Kheri na mkewe wamekaa kwenye viti vile, mmoja ameshika futi ya fundi cherehani, wanachagua rangi, wakati yeye yuko Dimani anaota moshi.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Kheri. Palikuwa na mteja, akasubiri kwenye benchi la nje. Mteja alipotoka, akaingia, akabaki amesimama.

"Gari lilipinduka mara ngapi, Kheri?"

Kheri alimtazama, kisha akautazama mlango. "Nani kakupeleka yadi?"

Hakukana. Bi Salama alikuwa amekuja na tumaini dogo kwamba angekana, kwamba pangekuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Mama mdogo, nisikilize. Mkaguzi tulishaelewana. Ungelipwa. Hela ni ya kampuni, si yako wala yangu. Mimi ningenunua mabaki, ningelitengeneza pole pole, lipige barabara ya Dar kubeba abiria. Nani angeumia hapo?"

"Uliniambia litaua wajawazito."

Uso wa Kheri ukabadilika, na kilichotoka kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu. "Miaka yote hii unapakia watu bure. Mimi napigwa na mvua kwenye pikipiki, unaniona. Mtoto wako ni mimi au ni wao? Ningekuomba ungenipa?"

Bi Salama alitaka kujibu kwamba angempa. Lakini hakuwa na hakika, na kutokuwa na hakika huko nako kukamuuma.

"Hukuniomba," alisema. "Umeniandikia uongo kwa jina langu. Miaka thelathini nimeandika daftari la vizazi, wazima na wafu, sijawahi kubadilisha hata saa ya kuzaliwa. Jumatatu tunakwenda Dar, makao makuu ya kampuni, mimi na wewe. Utasema mwenyewe."

"Nitakwenda," Kheri alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe. Nitakwenda, wallahi."

Jumatatu Bi Salama alisimama stendi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kwanza likaondoka, la pili likaondoka. Simu ya Kheri ilikuwa imezimwa. La tatu akapanda peke yake, maelezo aliyoandikiwa na Haruni juu ya hali ya gari yamekunjwa ndani ya mkoba. Njia nzima alijiambia kwamba ataeleza habari za gari tu, jina la mtu hatalitaja.

Ofisini alipokelewa na mama mmoja mwenye miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akauliza swali moja. "Maelezo haya ya kupinduka, nani aliyaandika?"

Bi Salama aliufunga na kuufungua mkoba wake mpaka yule mama akainua macho.

"Mtoto wangu," akasema.

Kampuni ilituma mkaguzi mwingine, uamuzi wa kulifuta gari ukatenguliwa, akalipiwa matengenezo ya uharibifu uliokuwepo kweli. Kwa kuwa hakuna malipo ya uongo yaliyokuwa yametoka, kesi haikufika polisi, ila mkaguzi wa kwanza alifukuzwa na Kheri akanyang'anywa uwakala. Mwezi haukwisha, ile ofisi ya stendi ikawa duka la simu, na yeye na Shamsia wakahamia Ikwiriri.

Haruni aliliingiza gari gereji. Boneti, taa na rejeta vilipatikana ndani ya siku mbili. Tatizo likabaki mfuko wa hewa.

"Wengi huwa tunabandika mfuniko tu hapo kwenye usukani," Haruni alimweleza. "Kwa nje hutambui kwamba ndani hamna kitu."

"Nitajua mimi," alisema Bi Salama. "Weka wa kweli, nitasubiri."

Akasubiri wiki tano.

Dimani waligawanyika. Wako waliomsifu. Wako waliosema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba gari haliwezi kuwa na thamani kuliko mtoto. Shemeji yake mmoja aliacha kumwamkia. Bi Salama hakujitetea. Angewaambia nini? Kwamba lililomvunja si lile gari, wala hata ule uongo wa kwanza, bali yale mabasi mawili aliyoyaacha yaondoke akiamini kwamba Kheri yuko njiani?

Ramadhani, kumi la mwisho, Kheri alipiga simu. Alizunguka sana, akauliza afya, akauliza mihogo, mwisho akaomba radhi, na safari hii hakutaja mvua iliyompiga wala wajawazito.

"Nimekusamehe, mwanangu," Bi Salama alisema. "Lakini kwangu usije kwanza."

"Mpaka lini, mama mdogo?"

"Sijui."

Na hakika hakujua. Noah imerudi barabarani, inabeba nazi siku za nazi na wazazi siku za wazazi. Mara nyingine mwanamke aliyelala nyuma, uchungu ukimwachia kidogo, humuuliza kwa heshima, "Na Kheri, hajambo?"

"Hajambo, yuko Ikwiriri," hujibu Bi Salama, macho yake barabarani. "Pumua, mama. Vuta pumzi, tunakaribia."