Refa alikataa nirudi uwanjani, sasa kocha na mume wangu wote wamenigeuka

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, hapa Komarock tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, nina mtoto wa miezi mitano, na niko chuo kwa sababu ya voliboli peke yake. Chuo kinanisomesha bora niwe kwa timu. Nikitoka kwa timu, masomo yameisha. Mimi ndiye seta, yule anayewainulia wapigaji mpira.

Mashindano ya vyuo huenda hivi: mnagawanywa makundi mawili, na timu mbili za juu kila kundi zinaingia nusu fainali. Wanaoshinda wanacheza fainali, wanaoshindwa wanagombania nafasi ya tatu. Tatu bora ndizo zinaenda ngazi ya taifa.

Mtoto wangu amekataa chupa kabisa. Kwa hivyo siku ya nusu fainali mume wangu, Baba Ethan, aliacha kibarua Industrial Area akaja kumshika pembeni ya uwanja. Seti ya nne tulikuwa mbele kwa pointi, lakini wao walikuwa na seti mbili sisi moja, na tukiipoteza mechi imeisha. Mtoto akalia. Jezi yangu ikalowa maziwa mbele ya watu. Kocha akanitoa, nikanyonyesha haraka haraka, akanirudisha. Sijakaa sawa, mtoto akaanza tena, kile kilio cha kukosa pumzi. Mashabiki wa wale wengine wakamwimbia mume wangu, "Baba, nyonyesha! Baba, nyonyesha!" Nikaona uso wake. Nikaomba kutolewa tena.

Mtoto aliponyamaza nikakimbia hadi kwa laini. Refa akatingisha kichwa. "Ulishatoka ukarudi. Seti hii umemaliza."

Sheria hiyo naijua tangu sekondari. Ukianza seti, unaweza kutoka na kurudi mara moja tu. Lakini mtoto wako akilia hivyo, sheria zote zinatoka kichwani. Nilikaa kwa benchi nimempakata, nikiangalia wenzangu wakikosa mtu wa kuwainulia mpira, mpaka tukashindwa mechi. Mmoja wao akapita akasema, "Si ungengoja tu amalize kulia?" Bado hajazaa.

Kocha hakupiga kelele. Alisema, "Mama, Jumamosi ni nafasi ya tatu. Uje bila mtoto, ama ulete jezi."

Nyumbani ikawa mengine. "Mama Ethan, mimi nimechekwa hadi na watoto wadogo," mume wangu akasema. "Sirudi huko. Na mtoto wangu haachiwi jirani ashinde njaa. Ukienda, ujue umechagua."

"Na nikiacha chuo, Baba Ethan, tutaishi kwa kibarua hadi lini?"

"Hadi Mungu apende." Akavaa viatu akatoka.

Simlaumu sana. Alikuja wakati wanaume wengi hawangekuja, na malipo yake yakawa kuchekwa. Nimejaribu kukamua maziwa nimpe mtoto kwa kijiko, kwa kikombe, anatema yote. Mama yangu yuko Kakamega, mgonjwa, yeye mwenyewe anashikwa mkono akitembea.

Wanawake wenzangu, kutoka uwanjani sijutii, na ningetoka tena. Lakini nimechoka, na kila upande naona ukuta. Msiniandikie niombe, nimeomba. Niambieni tu, Jumamosi mtoto nimwachie nani, ama nipeleke jezi leo niache kujidanganya?